Moto hauwaki peke yake: gisi wasimuliaji wa kwetu walivyolinda hamu ya kutunga



Katika miji yetu ya Butembo na Beni, vijana wanaoandika hadithi si wachache. Uliza katika shule za sekondari na katika vyuo vikuu, watakuonyesha kaye zilizojaa: hadithi za mapendo, za wafanyabiashara waliokwenda kuleta mali Dubai na Guangzhou, za askari, za wachawi, za mtoto yatima aliyefaulu. Lakini nyingi zinasimama njiani. Ukurasa wa kumi, wa kumi na tano, halafu kimya. Ukiuliza juu ya nini, jibu ni lile lile: hamu iliisha. Wengine wanasema wanangoja inspirasio irudi, sawa vile mtu anayengoja mvua.

Katika kurasa hizi tunataka kurudi nyuma kidogo na kuuliza wazee wetu walifanya gisi gani. Wao pia walikuwa watunzi. Hawakuwa na biki wala karatasi, na walichoka na kazi ya shamba kutupita. Lakini hadithi zao zilifika mwisho, na zilidumu vizazi na vizazi. Tunaona siri yao haikuwa kipawa peke yake. Walikuwa na vitu vinne: saa yao, fasi yao, kipande cha leo, na mtu wa kuwaitikia. Historia ya utunzi kwetu ni historia ya gisi vitu hivyo vilivyopatikana, vilivyopotea, na gisi tunavyoweza kuvirudisha.

1. Kyaghanda na moto wa jikoni

Kwetu siye Wanande, au Wayira kama wengi wanavyopenda kusema leo, kyaghanda ilikuwa nyumba ya makutano. Jioni wanaume walikaa pale kuzunguka moto. Mashauri ya ukoo yalikatwa pale, mgeni alipokelewa pale, na kijana alifundishwa pale gisi mtu mzima anavyosema na anavyonyamaza. Kwa upande wa mama, moto wa jikoni ulikuwa masomo ya pili. Kila mtu anajua maharagwe hayana haraka. Chungu kinakaa motoni saa nyingi, watoto wana njaa na usingizi, na mama mzee anapaswa kuwashikilia macho mpaka chakula kiive. Hapo ndipo hadithi ilipofanya kazi.

Tuangalie vizuri gisi mambo yalivyopangwa. Kwanza, saa ilijulikana. Mchana ulikuwa wa shamba, na mtoto aliyeomba hadithi jua likiwa juu alikatazwa. Hadithi ilikuwa ya usiku. Kwa hiyo mama mzee hakujiuliza kama leo ana hamu ao hana. Moto ukiwashwa, saa imefika, anaanza. Hamu ilimkuta kazini, ikakaa naye.

Pili, fasi ilijulikana. Hakuna aliyetafuta kiti cha pekee wala kimya cha pekee. Moshi, mtoto anayelia, mbuzi anayesukuma mlango, vyote vilikuwa ndani ya kazi.

Tatu, hakuna aliyesimulia yote. Usiku mmoja ulipewa hadithi moja ao mbili, na kesho nayo ilikuwa na yake. Mwenye kusimulia alilala akijua kwamba bado ana akiba.

Nne, na hili ndilo kubwa, wasikilizaji walikuwa na kazi. Katikati ya hadithi kulikuwa wimbo, na watoto ndio walioubeba. Walijibu, walicheka, walisahihisha: “Apana, jana ulisema ni chui!” Kama sauti zao zilipungua, mama mzee alijua usingizi umeshika, akakata ao akaongeza chumvi. Hakuhitaji mtu wa kumwambia kesho kama kazi yake ni nzuri. Alijua hapo hapo.

Watu wengine wanadhani hadithi za wazee zilirudiliwa neno kwa neno, bila kutunga kitu. Si hivyo. Njia ilikuwa ya wote, lakini mwendo ulikuwa wa kila mtu. Jirani mwenye choyo alionekana ndani ya fisi, na kila mtu alicheka bila jina lake kutajwa. Huo ni utunzi kamili.

2. Siku 12 za Rureke

Mfano mkubwa tunao hapa karibu, kwa majirani wetu Wanyanga wa upande wa Walikale. Mwaka 1956, msimuliaji mmoja aitwaye Candi Rureke alisimulia habari za shujaa Mwindo mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake. Kazi hiyo ilipigwa chapa mwaka 1969 na chuo kikuu cha California, Marekani. Pamoja na Biebuyck aliitayarisha Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga wenyewe, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi za Afrika huko Kampala. Leo Mwindo anasomwa katika vyuo vikuu vya dunia, na wengi wa vijana wetu hawajui kwamba alitoka mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini.

Habari yenyewe ni ya mtoto aliyekataliwa. Mfalme Shemwindo aliagiza wake zake wazae wasichana tu. Mwindo akazaliwa mwanaume, tena anasema na kutembea tangu siku ile. Baba akajaribu kumwua, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto akaokoka, akaenda kwa shangazi yake Iyangura, akarudi na kumfukuza baba yake mpaka chini ya ardhi. Mwisho hakumwua: walipatana na kugawana ufalme. Na hata baada ya ushindi, Mwindo mwenyewe alichukuliwa juu mbinguni kufundishwa kuacha majivuno.

Lakini tunalotaka ni gisi kazi ilivyofanyika. Rureke alisimulia kwa siku 12. Aliimba, alicheza, aliigiza kila mtu, mkononi ana kibuyu cha mbegu anachokitikisa. Alichoka, sauti ikakwama, miguu ikauma. Na neno la kushangaza ni hili: yeye mwenyewe alisema kwamba hakuwahi kamwe kusimulia habari yote kwa mfululizo. Desturi ilikuwa kusimulia vipande, leo kimoja, siku ingine kingine, kufuatana na makutano.

Basi mtu ambaye maisha yake yote alitoa vipande, juu ya nini aliweza safari hii kufika mwisho? Tunaona sababu tatu. Ya kwanza: vipande vyote alikuwa navyo tayari, juu alijifunza kwa miaka kwa mtu aliyemtangulia. Ya pili: hakuwa peke yake. Nyuma yake walikuwa wapiga mlio na waitikiaji, na mbele yake watu waliotoa zawadi ndogo ndogo, kama desturi inavyotaka. Ya tatu: kila asubuhi alijua kuna watu wanaomngoja, karatasi mkononi. Mtu akijua kwamba anangojewa, anaamka.

Mtunzi wa Butembo mwenye kaye iliyosimama ukurasa wa kumi na tano afikiri juu ya siku zile 12. Pengine hakukosa kipawa. Pengine hakuna aliyemwambia: “Kesho tutakuwa hapa.”

3. Karatasi ilibeba maneno, mwitikiaji akabaki nyuma

Wamisionari wa Assomption walifika katika inchi yetu mwaka 1929, na pamoja na wamisionari wengine, Wakatoliki na Waprotestanti, walieneza masomo. Hatuwezi kudharau walilofanya. Padri Lieven Bergmans aliandika vitabu juu ya Wanande, historia na desturi, vilivyotoka hapa hapa Butembo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na mwaka 1975, mwana wa kwetu Kambale Kavutirwaki alitoa huko Tervuren, Ubelgiji, mkusanyo wa hadithi zetu uitwao Contes folkloriques nande. Bila watu kama hao, hadithi nyingi zingezikwa pamoja na wazee waliozijua.

Lakini kitabu kina tabia yake. Kinalinda maneno, hakilindi wimbo wa watoto. Tena hadithi iliyosemwa kwa Kinande motoni ilikutwa dukani na kichwa cha Kifaransa. Masomoni nako mtoto alijifunza kwamba mtunzi ni La Fontaine, ni Molière, ni mtu wa mbali aliyekwisha kufa. Hakuna aliyemwambia kwamba mama mzee wa jikoni ni mtunzi. Basi kijana akianza kuandika, anaandikia mwalimu, anaandikia pointi, na masomo yakiisha, sababu ya kuandika nayo inaisha.

Tuna mashahidi kwamba njia ingine iliwezekana. Zamenga Batukezanga wa Kinshasa, aliyefariki mwaka 2000, aliandika kwa Kifaransa chepesi juu ya mambo ambayo kila Mkongomani anayajua: kijiji na mji, uchawi, ndoa, tamaa ya Ulaya. Vitabu vyake vilikuwa vidogo na vya bei ya chini, na wanafunzi wa inchi nzima walivisoma. Aliendelea kuandika miaka mingi juu wasomaji walikuwepo.

Shahidi wa pili anatoka Lubumbashi. Mwaka 1965, André Yav, mtu aliyewahi kufanya kazi za nyumbani kwa wazungu, aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili cha kwao, kile cha kusemwa, bila kungoja ruhusa ya wenye sarufi. Aliandika kwa ajili ya chama cha waboyi wa zamani waliotaka habari zao zisipotee. Miaka 25 baadaye, mwaka 1990, mtaalamu Johannes Fabian aliitoa kama kitabu, na leo watu wa lugha na wa historia wanaisoma duniani. Tuone mpango wake: kwanza kulikuwa chama kilichotaka kusikia, halafu mtu aliyeandika. Na Kiswahili chake hakikumzuia. Vijana wetu wengi wanaacha kuandika kwa Kiswahili juu wanaogopa kwamba si kile cha Zanzibar. Kiswahili ni lugha ya taifa katika katiba yetu ya mwaka 2006, na katika soko la Butembo ao la Beni hakuna anayeshindwa kununua, kugombana ao kuchumbia kwa hicho tulicho nacho. Lugha inayotosha kwa mapendo na kwa ugomvi, inatosha kwa hadithi.

4. Usiku ulipofungwa

Tumesema kwamba hadithi ilikuwa na saa yake, ni usiku. Sasa tuseme ukweli: katika Beni, usiku uliibwa.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalienea katika eneo la Beni: Oicha, Mbau, Eringeti na vijiji vingi vinavyozunguka. Tarehe 13 Agosti 2016 yalifika Rwangoma, ndani ya mji wenyewe wa Beni. Watu walioshindia shambani hawakurudi. Jamaa nzima zilihama, na nyumba moja mjini ikapokea watu wa nyumba tatu. Halafu, tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa kule Mangina. Mpaka ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu karibu 2,300, na Beni, Butembo na Katwa zilikuwa katikati ya moto huo. Watu walikatazwa kushikana mikono na kugusa maiti za wapendwa wao. Tangu tarehe 6 Mei 2021 ikaanza hali ya kuzingirwa, na uongozi wa mkoa ukapewa wanajeshi.

Katika mambo kama hayo, nani atawasha moto nje na kuita watoto wakae mviringo? Mwangaza unaonyesha nyumba. Wimbo unasikika mbali. Watu walijifunza kulala mapema, na kulala kimya. Na mama mzee aliyehama na kuacha shamba lake, pengine hayuko tena pamoja na wajukuu wake chini ya paa moja. Hasara hiyo haionekani katika ripoti. Ripoti inahesabu waliokufa, nyumba zilizochomwa, hekta zilizoachwa. Haihesabu hadithi zilizokatika katikati.

Tena hadithi ikinyamaza, fasi yake haibaki tupu. Uvumi unaingia. Wakati wa Ebola tuliona gisi maneno yasiyo na mwenyewe yalivyotembea: kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara ya watu fulani, kwamba ukiingia kituoni hutoki. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili mwaka ule ule Daktari Richard Mouzoko aliuawa akiwa kazini Butembo. Hatusemi uvumi peke yake ulifanya hayo yote. Hasira na mashaka ya watu yalikuwa na mizizi ya zamani. Lakini tunasema hivi: wazee walitofautisha hadithi na uvumi. Hadithi ina mlango. Msimuliaji anafungua kwa maneno yanayojulikana, wasikilizaji wanaitika, na kila mtu anajua kwamba sasa tumeingia katika nyumba ya mafumbo, ambamo mnyama anasema na mto unakasirika. Mwishoni mlango unafungwa. Uvumi hauna mlango, na hakuna anayejibu kwa jina lake. Mtunzi wa hadithi anayelinda mlango ule anafanya kazi kubwa katika inchi iliyojeruhiwa na maneno.

5. Gisi ya kurudisha vile vinne

Hatuwezi kurudisha kyaghanda yote kama ilivyokuwa. Lakini vile vitu vinne havihitaji majani ya paa wala kuni.

Saa. Mtunzi ajichagulie saa yake na aifunge kama wazee walivyofunga ya kwao. Kwa mwalimu, pengine ni alfajiri mbele ya masomo. Kwa mama wa soko, ni dakika zile za kungojea maharagwe, ambazo bado zipo. Saa ikifika, aandike, hata kama hamu bado iko njiani.

Fasi. Mwenye kungoja chumba cha pekee, katika nyumba zetu zilizojaa wageni wa vita, atangoja mpaka kuzeeka. Kenya inatupa mfano mgumu zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefungwa Kamiti mwaka 1978 bila hukumu, aliandika riwaya kwa Kigikuyu juu ya karatasi za choo, juu hakuwa na zingine.

Kipande cha leo. Haba na haba hujaza kibaba. Rureke aliishi kwa vipande kabla ya kufika kwenye kizima. Ukurasa mmoja unaokwisha unazidi riwaya kubwa iliyo kichwani. Na kama kipande kimekwama, tukumbuke majina yetu wenyewe. Kambale ni mwanaume wa pili, Masika ni msichana wa kwanza, na kila jamaa inahesabu hivyo. Lakini wakifuatana wasichana, halafu akaja mwanaume, mstari unavunjika na mtoto anaitwa Muhindo. Hadithi nayo, ikienda mstari mmoja mrefu, inangoja Muhindo wake. Majina hayo yana faida ingine: ukiandika Kambale, Butembo ina maelfu ya Kambale, na hakuna mfiwa atakayesema umemfichua. Mwenye kuandika juu ya mauaji lazima alinde hilo. Machozi ya jirani si mali ya kuuza.

Mwitikiaji. Hapa ndipo tunapokosa zaidi, na hapa kazi si ya mtunzi peke yake. Ile riwaya ya Ngũgĩ ilipotoka mwaka 1980, yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba jamaa zilikusanyika jioni na kumchagua mmoja awasomee wote. Hata katika baa, msomaji alisoma kwa sauti. Akifika fasi tamu na bilauri yake ni tupu, aliweka kitabu chini mpaka mtu amnunulie ingine. Tunacheka, lakini ndivyo wazee walivyomtendea msimuliaji wao. Kwetu pia inawezekana: Siku ya Mungu mchana, usalama ukiruhusu, watu sita ao saba katika lupango moja, kila mmoja na ukurasa wake, anayesoma anajibiwa, na tarehe ya makutano yanayofuata inatajwa mbele ya kuachana. Kaye ikimalizika, tutoe fotokopi, tuishone, na kila mmoja anunue moja. Radio za miji yetu, ambazo zinafika mpaka kwenye kijiji na kwenye nyumba iliyofungwa mapema, zinaweza kusoma sura moja kila juma. Hapo usiku ulioibwa utarudi kidogo, bila mtu kutoka nje.

Kwa kumaliza

Wengine watasema: katika inchi ambamo watu wanauawa, hadithi za kutunga ni mchezo. Siye tunaona kinyume. Miaka hii tangu 2014 itaandikwa, hilo halina shaka. Itaandikwa katika ripoti, kwa hesabu, mara nyingi na watu waliopita siku tatu. Lakini ni nani atakayeandika gisi mama alivyofunga mlango na kuimba pole pole kusudi mtoto asisikie milio? Ni nani atakayetunga yule Kambale aliyerudi shambani juu ya miche yake ya kahawa, akijua hatari? Hesabu haiwezi. Ni kazi ya mtunzi, na mtunzi akivunjika moyo ukurasa wa kumi na tano, habari hiyo inavunjika pamoja naye.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi, ndugu msomaji, kama wewe si mtunzi, usifikiri maneno haya hayakuhusu. Katika kartier yako yuko kijana mwenye kaye. Mwombe akusomee kurasa zake, umwitikie, na mbele ya kumwaga umwambie siku gani utarudi kusikia zinazofuata.